Posa ya Magando

Évode wa Kabeza alikuwa amesimamia posa thelathini na moja bila kushindwa hata moja. Hesabu hiyo aliibeba kichwani, na ukikaa naye muda wa kumaliza chupa moja ya bia, nawe uliondoka nayo. Kwamba katika posa zote hizo familia mbili zilikuwa zimekwisha kupatana miezi kadhaa kabla, ng'ombe amekwisha kuchaguliwa na bibi harusi amekwisha kupimwa nguo, hilo hakulitaja. Mtu akishinda mbio alizokimbia peke yake, si ameshinda?

Wanyarwanda hawaombi mke kwa kuomba. Wanakaa pande mbili wakitazamana, na kila upande unamtoa mzee mmoja mwenye maneno. Mzee wa upande wa bwana harusi huitwa mkwe mkuu, naye hushika fimbo. Mzee wa wenyeji kazi yake ni kukataa. Atasema binti amekwenda utawani, atasema ameshaposwa na mwingine, atasema babu wa bwana harusi aliiba jembe la babu yao mwaka wa njaa. Mkwe mkuu anajibu kila tusi kwa tabasamu na tusi lililo tamu zaidi, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Wengine wote waliokaa pale hawana kinywa. Baba wa binti hana kinywa. Bwana harusi ndiye hana kabisa. Yeye anakaa kama kifurushi cha posta kinachongoja kutiwa saini. Akifungua mdomo ameitukana nyumba aliyoijia, na wenyeji wana haki ya kuwarudisha wageni na pombe yao. Na kwa mkwe mkuu kuna sharti moja la ziada: asikose jibu. Afadhali aseme uongo mrefu kuliko ukweli mfupi kwamba hajui.

Sharti hilo Évode hakuwahi kuliona kuwa gumu. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita.

Basi mwezi wa Juni mwaka wa 1992 ikaja posa ya thelathini na mbili, na hii ilikuwa ya damu yake. Cyusa alikuwa mtoto wa kaka yake marehemu, Évode ndiye aliyemlea, na hakuwa na mtu mwingine wa kumsemea. Kijana alimpenda Kaliza, binti wa Gatera muuza vitambaa wa mtaa wa Gitega, papo hapo Kigali. Kaliza naye alimpenda, Gatera hakuwa na neno, na yote yalikuwa sawa isipokuwa kazi ya Cyusa.

Cyusa alifuga kamba. Si kamba wa baharini. Ni wale wa maji baridi, wekundu weusi, wenye magando mawili mbele kama koleo, ambao Wazungu wa hotelini huwaita ekrevisi na kuwala huku wakinyonya vidole. Kule Kinyinya, bondeni, waliokuwa wakifyatua matofali waliacha mashimo ya udongo yakajaa maji. Cyusa akayakodi, akaleta kamba kutoka maziwa ya kaskazini kabla vita havijaifanya barabara ya huko kuwa ya wanajeshi, na kamba wakazaana. Kila Alhamisi alipeleka debe mbili hotelini. Hata ng'ombe wa mahari alitoka kwenye debe hizo.

Sasa, Kigali ya wakati ule watu wengi walimtazama hata samaki kwa mashaka. Kamba walimwita mdudu na kufunga mjadala.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya posa, Cyusa alifika kwa baba yake mdogo na beseni jeupe la bati lililofunikwa jani la mgomba. Ndani yake walikuwamo kamba sita. Wenyeji walikuwa wametuma neno kwamba wangependa kuona hicho kinachomlisha mkwe wao, na Évode alifurahi sana, kwa kuwa alikuwa tayari ametunga sifa. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye aliamua kuwasifu kamba kama wasifiwavyo inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu wa wafalme, mstari kwa mstari, mpaka Gitega yote ipige makofi.

"Baba mdogo," Cyusa alisema, "ni vizuri ujue mawili matatu. Wakikuuliza habari za magando yale—"

"Magando yale ni pembe. Mnyama akiwa na kitu kirefu mbele, hiyo ni pembe. Na pembe ni za kupigana."

"Si za kupigana tu. Ukimtazama siku nzima utaona—"

"Siku nzima? Nimtazame mdudu siku nzima?" Évode alicheka kwa huruma. "Mwanangu, nimesifu inyambo mbele ya mahakimu. Wewe kesho kazi yako ni kukaa. Nenda ukafanye mazoezi ya kukaa."

Cyusa akaenda. Alikuwa mtoto mtiifu, na utii wake uliwaponza wote wawili.

Jumamosi saa nane wageni waliingia uani kwa Gatera. Turubai lilikuwa limetandazwa juu, viti vimeazimwa kanisani, na mtungi wa pombe ya mtama umewekwa katikati ukiwa umefungwa, maana haunywewi kabla ya binti kutolewa. Msemaji wa wenyeji alikuwa Rugamba, kaka mkubwa wa Gatera. Miaka ishirini aliendesha lori la mizigo mpaka Mombasa, na sasa alikuwa amestaafu na kuwa mtu wa ng'ombe. Gitega nzima ilimjua hivyo: Rugamba, mtu wa ng'ombe. Maishani mwake alikuwa amefuga mbuzi wawili, na mmoja wao alikuwa wa jirani. Lakini alivaa kofia ya wafugaji, aliegemea mkongojo wa wafugaji, na alipoona maziwa alifumba macho kwa heshima.

Kando yake, kwenye mkeka mbele ya wanawake, aliketi mama yao, Bibi Gahongayire. Yeye alikuwa amefuga ng'ombe kweli, kwa hiyo hakuwa na haja ya kofia.

Walianza vizuri. Rugamba, kwa Kinyarwanda kilichopigwa pasi, aliuliza kama wageni wamepotea njia, maana uwanja wa ndege uko Kanombe. Évode akajibu kwamba waliona moshi wa nyumba yenye mabinti wazuri wakashindwa kupita. Rugamba akasema binti aliyebaki ni mmoja tu, naye ni mvivu. Évode akasema wamekuja wakijua, wana mvivu wao wa kumfananishia. Watu walicheka. Rugamba akasema amesikia bwana harusi ana mifugo isiyolia, isiyotoa maziwa, na inayokwenda kinyumenyume. Évode akasema afadhali mfugo unaokwenda kinyumenyume kuliko mchungaji aendaye hivyo. Wakacheka zaidi, na Évode akahesabu moyoni: thelathini na mbili.

Ndipo Rugamba alipobadili lugha.

Siku hizo Kigali kila kazi ilikuwa na lugha yake. Kinyarwanda kilikuwa cha sherehe na matanga. Kifaransa kilikuwa cha ofisini. Kiswahili, masikini, watu walikitoa pale walipotaka kufukuza mtu gereji, kugombea mzigo sokoni au kumwambia mlevi ukweli. Mtu aliyeanza posa kwa Kinyarwanda akaendelea kwa Kiswahili alikuwa amevua koti.

"Wewe muzee, sikia," Rugamba alisema. "Hii kitu iko mududu. Mutoto yetu hapana kwenda kwa wadudu. Hiyo ng'ombe yenu iko ya wadudu, rudisha nayo."

Évode alitabasamu. Huo ndio ubaya wa desturi yenye matusi ya adabu: mtu akikutukana kweli, unampigia makofi. Aliona mwenzake ameongeza chumvi, akampongeza moyoni kwa ubunifu wa kutumia lugha ya barabarani, akajibu naye kwa Kiswahili, kwamba wadudu wao angalau hawajawahi kuanguka mtoni na lori. Hilo lilikuwa jambo la kweli katika maisha ya Rugamba. Évode hakulijua, alilibuni tu papo hapo.

Hakuna aliyecheka. Gatera, baba wa binti, alikuwa akitazama viatu vyake. Nyuma ya pazia la mlango, mahali Kaliza alipongoja na wenzake, vicheko vya wasichana vilikatika. Évode akamtazama Cyusa akakuta kifurushi cha posta kimetokwa jasho, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kwa mara ya kwanza katika posa thelathini na mbili alikuwa anakataliwa.

Na hakukuwa na mtu wa kumzuia Rugamba. Gatera alikwisha kukubali zamani, lakini Gatera hana kinywa. Desturi ilikuwa imekabidhi maisha ya vijana wawili kwa wazee wawili wenye majivuno, kisha ikawafunga wengine midomo, na ikajiona ina busara.

"Majirani wanacheka mimi," Rugamba aliendelea, sasa sauti ikitetemeka. "Wanasema, mutu ya ng'ombe anaolesha kwa kaa. Basi, leta hiyo beseni. Wewe iko na maneno mingi. Ambia watu hii ndude inafanya kazi gani na hiyo makasi yake. Ng'ombe pembe yake tunajua. Hii inafanya nini? Kama iko kazi ya maana, twaa mutoto. Kama hapana, muende, barabara itafungwa."

Kuhusu barabara alisema kweli. Jioni ikiingia, vizuizi vya askari vilikuwa na maswali mengi, na Kabeza si karibu.

Évode alisimama. Beseni likaletwa, jani likaondolewa. Bibi Gahongayire akajivuta na mkeka wake mpaka ukingoni, akainama kutazama, na tangu hapo hakuinua kichwa.

"Hawa," Évode alianza kwa Kinyarwanda cha juu, maana maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, "ni mafahali wa majini. Pembe zao ni mikuki miwili. Asubuhi wanapigana, mchana wanapigana, jioni wanapigana. Hawajui kazi nyingine ila vita!"

"Huyu hapigani," Bibi Gahongayire alisema bila kumtazama mtu. "Huyu anasukuma mchanga."

Kweli, kamba mmoja alikuwa amekumbatia fungu la mchanga kati ya magando yake, akilisogeza pembeni kama mwanamke abebaye kapu la viazi. Évode alisema anajenga ngome ya vita. Bibi akasema yule wa pili anajisugua tumbo kwa viguu vidogo, je, hiyo nayo ni vita? Évode akasema anasafisha silaha. Wanawake wakaanza kuguna. Alipoona uwanja unamponyoka, akafanya alichofanya daima kwenye sifa za ng'ombe: unapotaja pembe, unainyooshea mkono. Akanyoosha mkono wa kulia majini, kidole cha shahada mbele, akatamka, "Tazameni mkuki huu."

Kamba mkubwa kuliko wote aliinua magando yote mawili, akayapanua, akakishika kidole.

Mkwe mkuu halii. Évode aliutoa mkono majini kwa utaratibu, kamba akiwa ananing'inia kama kufuli, akaendelea na sifa. Mstari wa kwanza ulitoka mzima. Wa pili ulitoka na sauti ya ajabu. Alipotikisa mkono, kamba alikaza. Alipovuta mkia wake kwa mkono wa kushoto, kamba alikaza tena na kumwongezea gando la pili kwenye kidole cha kati, pasiwe na upendeleo. Damu ilianza kushuka kwenye mkono wa shati jeupe.

"Sema, muzee," Rugamba alisema. "Hiyo iko kazi gani?"

Watoto wa jirani waliokuwa juu ya ukuta walikuwa wamekaribia kufa kwa kicheko.

"Baba mdogo," sauti ilisema nyuma yake. "Rudisha mkono majini. Usivute. Ukiutuliza, atakuacha mwenyewe."

Bwana harusi alikuwa amezungumza.

Évode aliurudisha mkono majini, akautuliza, na baada ya pumzi tatu nne kamba alimwachia na kurudi nyuma kwa kurupuka mara moja, magando yamefuatana mbele yake, mpaka chini ya jani. Lakini hakuna aliyemtazama kamba. Rugamba alikuwa amekwisha kusimama, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota noti, na amerudi kwenye Kinyarwanda cha sherehe, kwa kuwa sasa desturi ilikuwa yake.

"Nyote mmesikia. Kijana amefungua kinywa katika nyumba ya watu. Amewatukana wazee waliokaa. Mkwe mkuu, wewe ni mtu wa sheria. Je, alisema au hakusema?"

Jibu lilikuwepo, na Évode alilijua. Watu wa maneno wote wanalijua. Unasema kwamba hukusikia kitu, kwamba labda ni upepo. Wenyeji wanadai faini ya chupa kadhaa. Au, kama hawataki, unamkana kijana, unasema amepagawa, unaomba siku nyingine. Siku nyingine ingemwachia Évode jina lake. Posa thelathini na moja, na moja iliyoahirishwa. Ila aliijua sauti ya Rugamba, na alijua kwamba hapatakuwa na siku nyingine. Alimtazama Cyusa. Kijana alikuwa amerudi kukaa vilevile alivyoelekezwa, mikono magotini, akingoja baba yake mdogo aamue kama ataoa.

"Alisema," Évode alijibu. "Alisema kwa sababu mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui lolote. Tangu nimesimama hapa nawadanganya. Jana alikuja kunifundisha nikamfukuza. Sijui mnyama huyu anafanya nini na magando yake. Najua moja tu, nalo mmeliona."

Mzee mmoja wa upande wake mwenyewe alijifunika uso kwa kofia. Évode alivuka uwanja, damu ikidondoka, akaiweka fimbo ya mkwe mkuu mapajani mwa Cyusa, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akanyamaza. Kwa jinsi alivyokuwa mtu wa maneno, hilo lilikuwa gumu kuliko kidole.

"Hapana!" Rugamba alisema. "Haijapata kutokea. Bwana harusi hajisemei."

"Rugamba," mama yake alisema, macho yakiwa bado kwenye beseni. "Umeuliza swali. Nami nalisubiri jibu lake tangu saa nane. Kaa chini, ofisi yako imefungwa. Wewe kijana, njoo. Huyu anayejisugua tumbo anafanya nini?"

Cyusa alipiga magoti kando ya beseni, fimbo akiwa hajui aiweke wapi.

"Anajisafisha, bibi. Nyuma ya magando makubwa kuna miguu yenye vigando vidogo nchani. Hivyo ndivyo vidole vyake. Anaokotea makombo, anapeleka mdomoni, anajipangusa macho. Makubwa ni ya kazi nzito. Anashikia chakula kikubwa akichane. Anachimbia shimo, na udongo anautoa nje akiwa ameukumbatia, kama ulivyoona. Akitembea gizani anayatanguliza, kama mtu anayepapasa ukuta."

"Na kupigana?"

"Mara chache. Kwanza anayainua juu, anayatanua aonekane mkubwa. Mara nyingi mwenzake anaondoka, yanaishia hapo."

"Kumbe kama wanaume wa Gitega," alisema mwanamke mmoja, na wanawake wakapigana mabega.

"Na gando likikatika?" Bibi aliuliza.

"Linaota jingine, bibi. Linaanza dogo. Na kila anapovua gamba, magando yote yanakuwa laini kama embe bivu, hawezi kushika kitu. Siku hizo anajificha shimoni mpaka yakaze. Mimi siku hizo sigusi maji."

Bibi Gahongayire aliinama zaidi. "Na mkewe je? Anamfanya nini kwa makoleo hayo?"

Cyusa alitazama chini. "Anamshika, bibi. Anamshika magando yake."

"Anamwumiza?"

"Nimeangalia sana. Hapana."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, na wote waliijua sauti ya Kaliza. Bibi Gahongayire alichukua muda kunyoosha mgongo. Kisha alimgeukia mwanawe mkubwa.

"Mimi nimeishi na ng'ombe miaka arobaini. Marehemu baba yako alikuwa na ng'ombe sitini, na hakuna siku hata moja aliyojua yupi anaumwa. Kijana huyu anajua siku ambayo mdudu wake ana kucha laini. Mtoe mtoto, watu wapate kurudi kwao kabla ya askari."

Rugamba alitafuta neno. Kiswahili kilikuwepo, lakini mtu hamwambii mama yake Kiswahili. Ikambidi avae tena koti. Kwa Kinyarwanda kizuri kuliko vyote alivyotumia siku ile, akiwa ameegemea mkongojo wa ng'ombe asiokuwa nao, aliwatangazia watu kwamba ukoo wake, baada ya kuwapima wageni kwa werevu mwingi, umeridhika, na kwamba binafsi alilijua jambo hili tangu mwanzo. Mtungi ukafunguliwa. Kaliza akatoka. Gatera akarudishiwa kinywa chake, akakitumia kunywa.

Habari ilifika Kabeza kabla ya Évode mwenyewe. Mwezi uliofuata jirani yake Léonce, aliyekuwa amemwahidi posa ya mwanawe, alimpelekea salamu kwamba wamepata mkwe mkuu mwingine, mtu wa Gikondo, kijana kidogo lakini hakosi jibu. Évode alisema ni vizuri.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Jioni ile, uani kwa Gatera, alipopelekewa kibuyu cha pombe, vidole vyake viwili vya kulia vilikuwa vimevimba kama ndizi, havikunjiki. Akakipokea kwa mkono wa kushoto mbele ya wazee wa koo mbili, jambo ambalo lingemtoa mtu yeyote kwenye sherehe. Wazee waliona. Bibi Gahongayire, aliyekuwa akimpa, alingoja mpaka akishike vizuri, ndipo akaachia.